Mkeka wa Kuagizwa: Ujira wa Mkono Katika Kisiwa cha Mafia

Mkeka ni chombo duni machoni pa mtu asiyeujua, na ni chombo kikubwa katika maisha ya watu wa pwani. Mgeni hutandikiwa kabla hajaulizwa haja yake, bibi arusi huketishwa juu yake, mgonjwa hulazwa juu yake, na siku ya mwisho maiti hulala juu yake kabla ya kuchukuliwa kaburini. Kitu kinachomfuata binadamu hivi, tangu furaha yake hata msiba wake, hakiwezi kukosa historia. Walakini historia ya mkeka imeandikwa kidogo, na sababu zake si ngumu kufahamika. Mkeka hufanywa na wanawake, hufanywa majumbani, na huchakaa. Ukuta wa msikiti huweza kusimama miaka 500, lakini majamvi yaliyotandikwa ndani ya msikiti huo hayakuacha hata unyuzi. Mwenye kuandika habari za zamani hufuata kilichobaki, na kisichobaki husahauliwa pamoja na mikono iliyokifanya.

Katika habari zote za mkeka, iliyo na mafunzo zaidi ni habari ya mkeka wa kuagizwa. Kununua mkeka ulio tayari na kuagiza mkeka usiokuwapo si jambo moja. Anayenunua mkeka sokoni hutazama kitu, hukishika, hukigeuza, akalipa au akakiacha. Anayeagiza hana cha kutazama ila uso wa fundi, na fundi hana cha kushika ila neno la mwagizaji. Baina ya siku ya agizo na siku ya kukabidhi pana majuma au miezi ya kazi, na katika muda huo mmoja wao lazima amwamini mwenzake zaidi ya anavyoaminiwa. Nani basi hutangulia kutoa: mwenye fedha au mwenye mkono? Swali hili, ambalo laonekana dogo, ndilo linaloeleza mabadiliko makubwa yaliyoipata kazi ya ukili katika kisiwa cha Mafia na pwani iliyo jirani yake.

Mafia imelala mkabala wa milango ya mto Rufiji, kusini ya Unguja na kaskazini ya Kilwa, pamoja na visiwa vidogo vya Chole, Juani, Jibondo na vinginevyo. Ukale wake hauna shaka. Kisimani Mafia, upande wa magharibi, ulikuwa mji wa Kiislamu katika zama za ukuu wa Kilwa. Neville Chittick aliuchimba na kuchapisha habari za uchimbaji wake mwaka 1961. Magofu ya Kua, katika kisiwa cha Juani, yangali yakionyesha misikiti na nyumba za mawe za mji uliostawi katika karne ya 18, kisha ukaharibiwa na Wasakalava wa Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Mbali zaidi ya hapo, kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kiitwacho Periplus, kilichoandikwa yapata karne ya kwanza, kinataja kisiwa cha Menouthias katika pwani hii. Wataalamu hawajapatana kama kisiwa hicho ni Mafia, Unguja au Pemba. Lililo muhimu hapa ni mambo mawili ambayo baharia huyo aliyaona: vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, na watu waliotega kasa na samaki kwa makapu yaliyosukwa. Kusuka na kushona, basi, ni miongoni mwa kazi za kwanza kabisa za mikono zilizoandikwa kuhusu Afrika ya Mashariki.

Bahari yenyewe iliitegemea kazi hii. Mtepe, chombo cha kale cha Waswahili kilichoshonwa pasipo misumari, ulikwenda kwa tanga la majani yaliyosukwa. Neno tanga hutumika sasa kwa turubali, lakini lilianza katika mkeka. Hata matanga ya msibani huhusishwa na neno hilo, kwa kuwa wafiwa hukaa juu ya mikeka kwa siku za maombolezo. Mwenye chombo aliyetaka kusafiri kwa msimu wa kusi hakuweza kungoja mpaka tanga litokee sokoni kwa bahati. Alihitaji tanga la kipimo chake na kwa siku yake. Pale penye haja ya kipimo na siku ndipo agizo huzaliwa.

Ushahidi mwingine wa ukongwe wa kazi hii umo ndani ya lugha. Kamusi ya Askofu Edward Steere ya mwaka 1870, na ile kubwa iliyotolewa chini ya uongozi wa Frederick Johnson mwaka 1939, zina msamiati mpana wa ususi. Mkindu ni mti na ukindu ni jani lake. Jani hilo likipasuliwa huwa chane. Chane zikisukwa huwa ukili, yaani utepe mrefu mwembamba ambao ndio mwanzo wa kila kitu. Kili zikishonwa ubavu kwa ubavu hutoa mkeka. Zikiwa za miyaa, ambayo ni minene na migumu zaidi, hutoa jamvi la barazani au la msikitini. Kuna msala wa kusalia, fumba la kulalia ndani yake, kanda, kikapu, tumbi, kawa la kufunikia chakula, na shupatu la kuwambia kitanda. Watu hawafanyi maneno mengi hivi kwa jambo wasilolijali. Wala fundi na mwagizaji hawawezi kuelewana juu ya kitu ambacho bado hakipo, isipokuwa kila sehemu yake ina jina.

Kazi yenyewe ni ndefu. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka sawasawa, hupasuliwa, huanikwa mpaka yakawa meupe, na yanayotakiwa rangi huchemshwa. Zamani rangi zilitoka katika miti na mizizi: mdaa ulitoa nyeusi, ungamo ulitoa manjano, zingifuri ilitoa nyekundu. Baadaye zikaja rangi za unga za dukani, ambazo ni kali machoni na nyepesi kwa matumizi. Ukili husukwa kwa mkono mtupu, msukaji akiwa ameketi, akizungumza, akibembeleza mtoto, akingoja chungu kichemke. Hupimwa kwa viungo vya mwili: shibiri mbili kwa mkono mmoja, mikono minne kwa pima moja. Mkeka mmoja hula pima nyingi. Kisha huja kushona, kazi inayotaka jicho, kwa kuwa nakshi za ukili mmoja lazima zikutane na nakshi za ukili wa pili, na kosa la kidole kimoja huonekana mpaka mwisho wa mkeka.

Katika maelezo haya umefichika msiba wa bei. Seremala huacha nyumba yake asubuhi akaenda kazini, na watu wote huona kwamba ametumia siku nzima. Msukaji haendi mahali. Kazi yake huingia katika nyufa za kazi nyingine, baina ya jembe na kinu, baina ya kisima na jiko, na kwa hiyo hakuna aonaye siku iliyotumika. Mwagizaji hukumbuka bei ya rangi, pengine na bei ya ukindu, kwa sababu vitu hivyo hununuliwa. Saa za mkono hazinunuliwi na mtu yeyote, na kwa hiyo hudhaniwa kuwa hazina thamani. Bei ya mkeka ikakadiriwa kwa majani, na mkono ukaongezwa bure.

Lakini sheria iliyowaongoza watu wa pwani haikuwa na fikira hiyo. Waislamu wa Mafia, kama wenzao wa pwani yote, wengi wao wamefuata madhehebu ya Imamu Shafi, na miongoni mwa vitabu walivyovitegemea makadhi ni Minhaj ya Imamu Nawawi, mwanachuoni wa Sham aliyefariki mwaka 1277. Fikihi ya madhehebu hayo hulichukua agizo kwa njia mbili. Ikiwa mwagizaji ameleta ukindu wake, na fundi ametoa mkono tu, hiyo ni ijara, na fundi hustahili ujira wa kazi. Ikiwa fundi ndiye anayetoa ukindu, rangi na mkono pamoja, hapo kinauzwa kitu ambacho hakijapatikana, na biashara hiyo haisihi ila kwa masharti ya salam. Kitu kielezwe sifa zake bila utata: urefu, upana, aina na rangi. Siku ya kukabidhi, ikiwa si papo hapo, ijulikane. Na sharti kubwa kuliko yote ni kwamba thamani itolewe yote katika kikao kile kile cha mapatano, kabla watu hawajaachana. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa waliruhusu kitu kiagizwe kwa fundi pasipo fedha yote kutangulia. Wafuasi wa Shafi hawakulegeza.

Sharti hili laweza kuonekana zito kwa mwenye fedha. Hekima yake huonekana mtu akijiketisha mahali pa fundi. Mkeka uliosukwa kwa kipimo cha chumba fulani, kwa rangi alizozitaka bibi arusi fulani, hauna mnunuzi mwingine aliye tayari. Mwagizaji akibadili nia, fundi amebaki na kitu ambacho hakukitaka. Kwa kutaka fedha itangulie, sheria ilimkinga mwenye mkono dhidi ya mwenye neno. Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Wanasheria walitaka deni hilo lisiwe juu ya maskini peke yake.

Desturi, kama kawaida yake, ilijitafutia njia ya katikati. Kiswahili kina neno arubuni, lililotoka katika Kiarabu, nalo ni fedha kidogo inayotolewa kufunga mapatano. Wanachuoni wa Shafi waliikataa biashara ya arubuni ambayo mnunuzi akirudi nyuma huipoteza, kwa kuwa waliona ndani yake kula mali ya mtu pasipo badala. Hata hivyo neno liliingia, likakaa, na lingali likitumika kwa mafundi wa kila namna. Si ajabu. Arubuni ni suluhu ya watu wasio na fedha nyingi: mwagizaji hana ya kutoa yote, na fundi hana ya kununulia ukindu. Nusu ya imani hutangulia, na nusu hungoja mwisho wa kazi.

Pana swali jingine ambalo historia ya Mafia hairuhusu lirukwe, nalo ni hili: ujira ulipolipwa, ulikuwa mali ya nani? Baada ya kuanguka kwa Kua, na chini ya utawala wa Masultani wa Unguja, Waarabu wa Omani walipata mashamba ya minazi katika Mafia, na kisiwa cha Chole kikawa makao ya wakubwa na wafanyi biashara. Mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Katika pwani yote palikuwako desturi ya kumkodisha mtumwa kwa mtu mwingine, bwana akatwaa ujira au sehemu yake, na sheria haikumtambua mtumwa kuwa na milki yake mwenyewe. Kijakazi mwenye mkono mzuri, basi, aliweza kusifiwa kwa ufundi wake na asimiliki hata chane moja. Mkeka uliosukwa na mwungwana na mkeka uliosukwa na mtumwa huweza kulingana kwa kila nyuzi. Tofauti yao haimo ndani ya mkeka.

Mambo hayo yalibadilika polepole, na si kwa wema mtupu. Kwa mapatano ya mwaka 1890 Mafia ilitiwa katika milki ya Wajerumani pamoja na bara, ikatengwa na Unguja iliyowekwa chini ya himaya ya Waingereza. Wajerumani hawakuufuta utumwa kwa neno moja. Walitoa amri kwamba watoto waliozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 wawe huru, wakaacha wengine wangoje. Waingereza waliitwaa Mafia mwezi wa Januari 1915, wakaitumia kuwa kituo cha kuishambulia manowari Königsberg iliyojificha katika matawi ya Rufiji, nayo ikaangamizwa mwezi wa Julai mwaka ule ule. Mwaka 1922 kisiwa kikawekwa chini ya serikali ya Tanganyika, na katika mwaka huo huo utumwa ulikomeshwa kisheria katika nchi yote. Tangu hapo hapakuwa na mwanamke wa Mafia ambaye sheria iliweza kumnyima haki ya ujira wa mkono wake kwa sababu ya nasaba.

Uhuru huo ulikuja ukiongozana na kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba kwa amri ya mwaka 1897, na baada ya muda walitaka ilipwe kwa fedha taslimu. Rupia, ambayo tangu 1904 iligawanywa katika heller 100, ikaingia katika nyumba ambazo hapo kwanza zilijitosheleza kwa nazi, samaki, mihogo na mpunga. Baada ya vita ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki, na mwaka 1966 shilingi ya Tanzania. Kila fedha iliyopita iliongeza haja ya kuuza. Mwenye minazi aliuza mbata. Mwenye mtego aliuza samaki. Asiyekuwa na minazi wala mtego alitazama mikono yake. Mikeka, ambayo zamani ilisukwa kwa haja ya nyumba, kwa zawadi ya harusi, au kwa agizo la jirani anayejulikana, ikaanza kusukwa kwa mtu asiyeonekana.

Hapa ndipo palipotokea mgeuko mkubwa. Baina ya mwenye haja na mwenye mkono alisimama mchuuzi. Mchuuzi si adui. Yeye ndiye aliye na nauli ya mashua, ndiye anayejua nani anataka mikeka Dar es Salaam au Unguja, na ndiye anayevumilia dhoruba ya njiani. Lakini mchuuzi aghalabu huchukua vitu kwa mali kauli, maana yake huchukua sasa na kulipa baada ya kuuza. Kwa njia hiyo utaratibu wa kale hupinduka, miguu juu kichwa chini. Zamani mwagizaji alitakiwa kutoa kabla ya kupata. Sasa msukaji hutoa kabla ya kupata. Mkeka ukilowa maji ya chumvi, ukikosa mnunuzi, au mchuuzi akisahau njia ya kurudi, hasara humwangukia aliyeanza kwa kupasua jani. Watu husema kwamba biashara ilileta fedha katika kazi ya ukili, na ni kweli. Lakini pia ilihamisha hatari kutoka mlangoni pa mwenye fedha hata mlangoni pa asiyekuwa nayo.

Pamoja na hayo, kosa lingekuwa kubwa kuwaeleza wanawake wa Mafia kama watu wa kuonewa tu. Pat Caplan, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uingereza, alikaa katika kijiji kimoja cha kaskazini ya Mafia tangu 1965 hata 1967, akarudi mara kadhaa baadaye. Katika kitabu chake cha mwaka 1975, na katika maandiko yaliyofuata, alionyesha jinsi jamaa wa pande mbili, za baba na mama, wanavyopata haki ya ardhi, na jinsi wanawake wanavyokuwa na mali yao mbali na mali ya waume zao. Jambo hilo lina mizizi katika dini na katika desturi. Sheria ya Kiislamu humtwika mume nafaka ya mkewe, lakini haimpi mume milki ya kile ambacho mke amekichuma. Aya ya 32 ya Sura ya Wanawake hutaja fungu la wanaume katika walichochuma, na fungu la wanawake katika walichochuma. Kwa hiyo fedha ya mkeka, hata ikiwa ndogo, ilikuwa na daraja ambayo fedha nyingine ya nyumbani haikuwa nayo: haikuombwa. Mwanamke aliweza kununua kanga bila ya kusubiri ukarimu wa mtu, kuchangia harusi ya binti yake kwa jina lake, au kumsitiri mama yake mzee. Shilingi moja ya kuchuma huweza kuwa nzito kuliko shilingi kumi za kupewa.

Hali hii si ya Mafia peke yake. Katika nchi za baridi kazi ya kitandani haikuwa mkeka bali mfarishi, yaani blanketi nene la viraka vilivyoshonwa pamoja na kutiwa pamba katikati. Kusini ya Marekani, katika jimbo la Alabama, wanawake weusi waliokuwa wajukuu wa watumwa walishona mifarishi kwa nguo kuukuu ili watoto wao wasife kwa baridi. Katika miaka ya 1960 wengi wao walinyang'anywa kazi na makao kwa sababu ya kudai haki ya kupiga kura. Kasisi mmoja, Francis Walter, aliiona mifarishi yao ikianikwa kambani, akatoa dola 10 kwa kila mmoja kabla haijauzwa, akaipeleka New York kunadiwa. Mwaka 1966 wanawake hao waliunda chama chao cha ushirika, Freedom Quilting Bee, na maagizo yakaja kutoka maduka makubwa.

Mambo mawili ya Alabama yanamwangaza msomaji wa habari za Mafia. La kwanza ni kuwa fedha ilitangulia: dola zile 10 zilikuwa arubuni, ingawa hazikuitwa hivyo. La pili ni kwamba agizo kubwa lina gharama yake. Duka linaloagiza vitu mamia hutaka vyote vifanane. Mnamo mwaka 1972 ushirika ule ulipata mkataba wa kampuni ya Sears wa kushona foronya za mito, kazi iliyoleta mshahara wa kutegemewa lakini isiyotaka ubunifu wa kila mkono. Mwanamke aliyekuwa akichagua kila kiraka akawa anafuata kipimo cha mtu mwingine. Hakuna haja ya kulaumu, kwa kuwa mshahara wa kutegemewa si kitu cha kudharauliwa na mwenye njaa. Lakini ni vema kukumbuka kwamba agizo huweza kumlisha fundi na wakati huo huo kumnyamazisha.

Mafia haikupata agizo kubwa la namna hiyo. Ilipata mshindani. Biashara ya nchi za nje ilipofunguliwa nchini Tanzania katikati ya miaka ya 1980, mikeka ya plastiki ilienea kila mahali. Ni myepesi, huoshwa kwa maji, ina rangi za kila namna, na bei yake ni ndogo kuliko saa za mkono. Misikiti ikatandika plastiki na mazulia, vyumba vikatandika plastiki. Mkeka wa ukindu haukufa, bali ulihama daraja. Uliokuwa wa kila siku ukawa wa siku maalumu: wa harusi, wa mgeni mheshimiwa, wa msiba. Na kitu cha siku maalumu aghalabu hakingoji sokoni, huagizwa. Kwa njia isiyotazamiwa, plastiki imeurudisha mkeka katika hali ya agizo.

Mwagizaji mpya naye alitokea. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, na nyumba za wageni zikajengwa Utende na Chole. Wageni wanaokuja kutazama matumbawe, na kuogelea karibu na papa shillingi, hupenda pia kurudi kwao na kitu cha mkono. Tamaa yao ina heri na ina mtihani. Mgeni hutaka kitu kidogo kinachoingia katika sanduku lake, kwa rangi za nyumba yake, na kabla ya siku ya safari yake. Akiambiwa bei huilinganisha na bei ya plastiki, au huilinganisha na ukindu, ambao huuona ukiota bure porini. Mara nyingine haulizi mkeka umechukua siku ngapi, na mara nyingine fundi mwenyewe hawezi kumjibu, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kuzihesabu.

Hilo ndilo somo ambalo historia hii yote inalielekea. Kazi ya mkono haiheshimiwi kwa sifa. Mikeka ya pwani imesifiwa muda mrefu, na sifa hazikununua hata kibaba cha mchele. Heshima ya kazi imo katika mambo matatu ambayo wazee wa sheria waliyataja karne nyingi kabla ya rupia na shilingi: kitu kielezwe, siku ijulikane, na fedha itangulie. Pale ambapo masharti haya yalifuatwa, mwenye mkono na mwenye fedha walikaa juu ya mkeka mmoja, kila mtu akiwa na haki yake. Pale yalipoachwa, mkono ulifanya kazi kwa deni lake mwenyewe.

Wala kutangulizwa kwa fedha si jambo la vitabu vya kale tu. Tangu mwaka 2008 fedha nchini Tanzania huweza kupelekwa kwa simu, na mtu aliye Dar es Salaam huweza kumfikishia msukaji wa Mafia thamani ya agizo kabla jua halijatua, pasipo mashua wala mchuuzi. Chombo kilichokosekana kwa miaka mingi kimepatikana. Kilichobaki ni desturi, na desturi hailetwi na simu. Inamtaka mwagizaji akumbuke kwamba anapoagiza mkeka hanunui majani. Ananunua asubuhi na jioni za mtu. Na inamtaka msukaji naye aketi siku moja, kabla ya kupasua chane ya kwanza, azihesabu.